Shemeji anataka mtoto aitwe Pele, mama anasema mjukuu wake haitwi ugonjwa wa ngozi. Wajuzi, hili jina lilitoka wapi?

Mjomba wa Katikati (mleta uzi)

Wakuu, heshima zenu.

Dada yangu kajifungua wiki mbili zilizopita, mtoto wa kiume, kilo tatu na ushee, mama na mwana wote salama. Kilichobaki ni jina, na hapo ndipo nyumba imegawanyika.

Shemeji katamka kwamba kijana ataitwa Pele. Mwanzo tulidhani anachangamsha baraza. Kumbe anataka liandikwe kwenye cheti cha kuzaliwa: Pele, halafu jina la baba, halafu la ukoo. Huyu bwana enzi zake alicheza winga wa kulia kwenye ndondo, na mpaka leo mvua ikikaribia goti lake linatangaza kabla ya redio. Mapenzi yake kwa yule Mbrazili hayana tiba.

Jumamosi mama yetu akaja kutoka Muheza kumwona mjukuu. Kapokewa, kanawa mikono, kakabidhiwa mtoto. Akauliza, "Haya, huyu tunamwitaje?" Dada akajibu huku anahesabu vigae vya sakafu, "Baba yake anasema Pele." Mama hakusema neno. Alifunua khanga taratibu, akamgeuza mtoto akamtazama mgongoni, kisha akashika kile kiganja kidogo, akaanza kupanua kidole kimoja kimoja na kuchungulia katikati.

"Mbona sizioni?"

Nilitoka nje kwenda kucheka.

Kwa vijana ambao hamkupitia: upele ni mmoja, pele ni nyingi, na mahali pake pa kwanza ni hapo hapo katikati ya vidole. Mama ni wa kizazi kilichopangwa foleni uani kupakwa BBE, ile dawa ya upele, mwili mzima, inawaka kama pilipili, huku nguo zote zinachemka sufuriani. Ukimwambia Pele, yeye haoni jezi ya njano. Anaona mtoto anajikuna usiku kucha.

Sasa mkwe na mama mkwe hawabishani. Shemeji akimwona mama anavua kofia. Kwa hiyo kila kitu kinapita kwangu. Mama ananiita chumbani: "Mwambie mwenzio." Natoka, shemeji ananivuta chini ya mwembe: "Mwambie mama." Nimekuwa posta.

Naomba mnisaidie asili ya hili jina. Kule Brazili lina maana gani? Nikipata maana nzuri nampelekea mama. Nikipata mbaya nampelekea shemeji. Nimechoka, nataka upande mmoja ushinde tu.

Kahawa Tungu

Upele umepata mkunaji. Nimeshakaa na kashata zangu, leteni vitu.

Mkwe Mtiifu

Wahenga walisema Mungu humpa upele asiye na kucha. Mtoto wa wiki mbili kucha zake zinakatwa na mama yake. Mambo yote yanakwenda kama yalivyosemwa.

Namba Kumi Mgongoni

Mleta uzi, umekuja kwa mtu mwenyewe. Vuta kiti, hii ni ndefu.

Jambo la kwanza shemeji wako analopaswa kujua: wazazi wa Pelé hawakumwita Pelé. Alizaliwa Oktoba 1940 katika mji wa Três Corações, jimbo la Minas Gerais, na baba yake akamwita Edson kwa heshima ya Thomas Edison, kwa sababu umeme ulikuwa ndiyo kwanza umefika mjini kwao. Mtoto kapewa jina la taa. Cheti chenyewe kikatoka na makosa: jina likaandikwa Edison, na tarehe ikaandikwa 21 wakati nyumbani kwao wanajua ni 23. Mpaka uzeeni alikuwa akiwasahihisha watu kuhusu ile i. Kwa hiyo mnaohangaika na herufi kwenye vyeti vyenu, hamko peke yenu.

Nyumbani aliitwa Dico. Baadaye, alipoingia Santos mwaka 1956 akiwa na miaka 15, wakubwa wakamwita Gasolina kwa kipindi fulani. Kwa hiyo alishapita kwenye majina kadhaa.

Pelé lenyewe, kwa maelezo yake mwenyewe, lilitokea hivi. Baba yake, Dondinho, alikuwa mshambuliaji wa timu ndogo iliyoitwa Vasco, ya São Lourenço. Kipa wa timu hiyo aliitwa Bilé. Edson akiwa na miaka mitatu minne alikuwa akifuatana na baba mazoezini, na cha ajabu hakuvutiwa na mabao ya baba yake. Alimpenda kipa. Akirudi nyumbani anajirusha kwenye vumbi, akidaka anajisifu mwenyewe kwa sauti kubwa, "Safi Bilé!" Ila ulimi wa mtoto haukuliweza, likatoka Pilé. Familia ikahamia Bauru, jimbo la São Paulo, ambako lafudhi ni nyingine, na watoto wa mtaani huko wakasikia Pelé. Wakalidaka, wakawa wanamrudishia kwa kumkejeli.

Hapo naomba mtulie kidogo. Mtu aliyetikisa nyavu kuliko wote wa zama zake anaitwa jina la kipa. Tena jina lililoharibika mara mbili njiani.

Na huyo Bilé naye jina lake lilizaliwa hivyo hivyo. Pelé alisimulia kwamba kipa yule utotoni alichelewa sana kusema, mama yake akahangaika naye kwa waganga wa kuombea, wakawa wanamwimbia maneno ya kubembeleza watoto, bili-bilu, bili-bilu, mpaka siku moja kinywa kikafunguka kikasema "Bilé". Kwa hiyo ukilifukua jina hili mpaka chini kabisa unakuta mtoto aliyekuwa hawezi kusema, na juu yake mtoto aliyekuwa hawezi kutamka.

Edson alilichukia kwelikweli. Alijivunia kuitwa jina la Edison, halafu watu wanamwita neno lisilo na kichwa wala miguu. Alimtandika mwanafunzi mwenzake ngumi kwa sababu ya jina hilo, akasimamishwa shule siku mbili. Na nyinyi mnajua watoto walivyo. Walipoona anaumia, ndiyo likanata.

Maana yake kwa Kireno? Halina. Ni sauti tu.

Kahawa Tungu

Mkuu umetisha. Naongeza kashata.

Mjomba wa Katikati

Namba Kumi, nimekusoma mara mbili, asante sana. Nimempelekea shemeji sehemu ya ngumi. Kajibu: "Unaona? Alikuwa mpiganaji tangu mdogo." Tunaendelea.

Binti wa Pemba ya Bara

Habari zenu. Mimi nimekulia Pemba, ile ya Msumbiji si ya Zanzibar, kwa hiyo Kireno nimekinywa na uji. Namba Kumi yuko sahihi kwamba Pelé halina maana, lakini inategemea ile alama juu ya e ya mwisho. Ukiiondoa, ukaweka mkazo mwanzoni, PE-le, hilo ni neno la kila siku kabisa. Maana yake ni ngozi. Ngozi ya mwili, ya uso, ya mkono.

Sasa sikilizeni. Kiswahili mkazo wake unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Sisi hatuwezi kusema pe-LE bila kujikaza kama tunaita mtu ng'ambo ya mto. Tunasema PE-le. Kwa hiyo watangazaji wetu wote, tangu enzi za RTD, wamekuwa wakimwita mfalme wa soka Ngozi. Na cheti cha kwetu hakitawekwa alama juu ya herufi. Mtoto akivuka Ruvuma anaitwa Ngozi, akibaki huku anaitwa ugonjwa wake. Mama mkwe hana makosa.

Mjomba wa Katikati

Dada, hii nimempelekea mama. Kasema, "Si nilisema?" Akarudi kusuka mkeka.

Mwinjilisti Mstaafu

Bwana asifiwe wapendwa. Msimkatie tamaa huyo baba. Kiebrania kina neno hilo hilo, pele, na maana yake ni ajabu, muujiza. Fungueni Isaya 9:6, pale kwenye "Mshauri wa ajabu". Hiyo ajabu, kwa Kiebrania, ndiyo pele. Mama kama ni mtu wa kanisa, mpelekee andiko.

Mjomba wa Katikati

Mchungaji, andiko limefika. Mama katoa miwani, kafungua Biblia yake, kasoma mstari kwa sauti, kafunga. Jibu: "Kiebrania wataelewa Waebrania. Muheza wataelewa upele."

Mvuvi wa Mbali

Kwa watu wa Hawaii, Pele ni mungu wao wa kike wa volkano, makazi yake ni kreta ya Kilauea. Mwambie shemeji, mtoto akianza kulia usiku wa manane watoke nje wote.

Mama Pacha

Nyie wanaume mnaleta Kireno na Kiebrania, mimi naleta darasa la pili B. Mtoto anaitwa Pele. Siku moja, siku moja tu, mbu kamuuma shingoni, kajikuna mbele ya wenzake. Kwisha. Hadi darasa la saba hakuna atakayekaa naye dawati moja. Na mwalimu wa zamu akiita majina atacheka kwanza. Jina ni la mtoto, siyo jezi ya baba.

Mwana wa Nyakati

Mama Pacha nakuheshimu, ila hapo nina neno. Mnajua Nyerere ni nini? Kwa Kizanaki ni viwavi. Viwavijeshi wale wanaokula mashamba. Chifu Nyerere Burito, baba yake Mwalimu, alizaliwa wakati viwavi wamevamia, akapewa jina hilo. Na Mwalimu alipozaliwa mwaka 1922 mvua ilikuwa inanyesha, wakamwita Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Leo watoto wanaitwa Nyerere nchi nzima, na sijasikia anayetaniwa kwa viwavi.

Usukumani kwetu huko Mabula ni mtoto wa mvua na Mayala ni mtoto wa njaa. Pwani kuna Tabu, Shida, Mashaka, Sikujua, na wamezeeka na majina yao wakaitwa babu kwa heshima zote. Mtu akilibeba jina vizuri, maana inasahaulika.

Mama Pacha

Nimekuelewa, ila umejichanganya kidogo. Nyerere, Mabula, Mashaka, hayo yote yanasema siku ile mtoto alipozaliwa kulikuwa na nini. Nyumba ilipita kwenye njaa, ikamwita Mayala. Ni kumbukumbu ya kwao. Sasa huyo mtoto wa dada yake mleta uzi kazaliwa kukiwa na nini? Kulikuwa na baba na goti lake.

Kahawa Tungu

Goooooli!

Mkaaji wa Kigali

Wakuu, na mimi nichomeke changu kutoka huku. Pelé alipofariki, tarehe 29 Desemba 2022, rais wa FIFA aliziomba nchi zote zipe uwanja mmoja jina lake. Rwanda ilitii. Machi 2023 ule uwanja wa mkoa ulioko Nyamirambo ukaitwa Kigali Pelé. Wananchi wa Yanga mnaufahamu, mlicheza na Al-Merrikh pale Septemba 2023 mkashinda 2-0.

Sasa cheka nami. Imirambo kwa Kinyarwanda ni maiti. Tafsiri uwanja na mtaa wake kwa pamoja: Pele za Maitini. Watu wanaingia Jumamosi na matarumbeta yao, hakuna anayefikiria kujikuna wala kuzika.

Na kwa kuwa tumefika kwenye maiti, Wanyamwezi mpo? Mirambo wenu jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mtyela Kasanda. Mirambo lilikuwa jina la vita, maana yake ni hiyo hiyo, maiti, kwamba akipita anaziacha nyuma. Amekufa 1884, na leo kuna watoto wazuri tu wanaitwa Mirambo, wanakunywa uji. Kama maiti zimekuwa jina la mtoto, pele zinashindwa nini?

Mkwe Mtiifu

Pele za Maitini. Nimemwaga chai kwenye simu ya watu.

Kiungo Mkabaji

Mimi nashauri shemeji ahame Mbrazili. Kuna Kaká. Jina lake ni Ricardo, mdogo wake Rodrigo alishindwa kulitamka akaishia hapo, kaka mtu akabaki nalo hadi akachukua tuzo ya mchezaji bora wa dunia 2007. Mpeni mtoto jina la Kaka. Dada zake wote watamheshimu hata akiwa kitinda mimba. Msimpe Dunga lakini, huyo ni yule kibeti mjinga wa kwenye hadithi ya Snow White, mjomba wake alimwita hivyo akijua hatakua mrefu.

Namba Kumi Mgongoni

Nimerudi, nilikuwa safarini. Naona uzi umefika Hawaii.

Hoja ya Nyerere na Mirambo ni nzito, lakini kuna kitu hamjakitazama. Angalieni Pelé mwenyewe alifanya nini alipopata mtoto wa kiume. Ilikuwa 1970, mwaka aliobeba Kombe la Dunia la tatu. Hapakuwa na jina maarufu duniani kushinda lake. Angeweza kumwita Pelé na hakuna ambaye angeshangaa. Alimwita Edson. Wakawa wanamwita Edinho, yaani Edson mdogo. Na mnajua Edinho alikuja kucheza namba gani Santos? Kipa. Babu alicheza na kipa Bilé, baba akaiga jina la kipa, mjukuu akavaa glavu kabisa.

Nenda Ghana. Abedi Ayew dunia nzima ilimjua kama Abedi Pele, mchezaji bora wa Afrika mara tatu mfululizo. Wanawe ni André Ayew, Jordan Ayew, Ibrahim Ayew. Lile la Pele alibaki nalo mwenyewe.

Pelé alikuwa anazungumza kama vile yeye ni watu wawili: kuna Edson, anayeumwa, anayekosea, mwenye mama, halafu kuna Pelé. Mtoto wake alimpa yule wa kwanza. Mimi ningekuwa shemeji ningelitafakari hilo chini ya huo mwembe.

Na tusisahau, mwaka 2023 kamusi ya Michaelis kule Brazili iliingiza pelé kama kivumishi, maana yake asiye na mfano. Jina ambalo halikuwa na maana limepata maana kwa miguu ya mtu. Sasa ukimpa mtoto wa wiki mbili, unampa deni.

Binti wa Pemba ya Bara

Namba Kumi, hapo umemaliza. Na ukweli kwamba alipigana shuleni kwa sababu ya jina hilo unanirudia kichwani. Mtu alipigana ili asiitwe, sisi tunataka kuliandika kwa wino.

Mjomba wa Katikati

Wakuu, nimesoma yote. Hii ya Edinho sikuituma kwa simu. Nimemfuata shemeji mwenyewe, nikamkuta anapiga danadana na chungwa, goti bovu na yote. Nikamsomea polepole. Nilipofika pale pa kipa akaliacha chungwa likaanguka. Akaniuliza, "Alimwita Edson? Mwaka wa sabini?" Nikamwambia ndiyo. Akainama akaliokota, akalifuta kwenye suruali, akaanza kulimenya. Hajasema kitu. Nitaleta mrejesho.

Kahawa Tungu

Kashata zimeisha lakini sibanduki.

Kiungo Mkabaji

Wiki ya tatu hii. Mleta uzi yuko hai?

Mjomba wa Katikati

MREJESHO.

Niwieni radhi, nilikuwa na pilika za ubatizo.

Shemeji alikuja na Edson yeye mwenyewe, kama wazo lake, na mimi nikakaa kimya kama sijawahi kulisikia. Nikalipeleka kwa mama. Mama akauliza huyo Edson ni nani. Nikamweleza habari ya Edison na taa na umeme uliofika kijijini kwa kina Pelé. Mama akakaa kidogo, akasema, "Huyo sawa. Umeme sisi tulizeeka tukiusubiri." Kazi ikaisha hapo, wala sikumtaja mtu wa mpira. Asije mtu akamwambia.

Cheti kimetoka. Nilisimama dirishani mwenyewe nikataja herufi moja moja, E, D, S, O, N, na nikasema wazi kwamba i haimo. Tarehe pia nimekagua mara tatu. Namba Kumi, hiyo ni kwa ajili yako.

Kuna jambo moja limejitokeza. Dada ana binti wa kwanza, anakaribia miaka mitatu, maneno mengi lakini ulimi bado mzito. Alipoambiwa mdogo wake anaitwa Edson, na sisi hapa tunatamka Edisoni, yeye likamtoka Deso. Akawa anazunguka nalo nyumba nzima, Deso kalala, Deso kajikojolea. Watoto wa jirani wanaokuja kumbeba wakalipokea. Kati yao kuna kijana wa kidato cha tatu, na huyo ndiye aliyelimalizia. Sasa mtaa mzima mtoto anaitwa Desa.

Mliopita shule mnajua desa ni nini. Dada yangu ni mwalimu wa sekondari, miaka kumi kazi yake ni kukamata wanaodesa kwenye mitihani. Amekataza. Amemfokea yule kijana mbele ya mama yake. Alipoona amekasirika, likanata zaidi.

Jana mama kapiga simu kutoka Muheza, dada yuko mezani na rundo la karatasi anasahihisha, simu ikawekwa sauti ya juu. Salamu hazikuwepo. Swali la kwanza: "Desa kanyonya?"